Kutu ndani ya sefu la bunduki hapa Dodoma: namna ya kudhibiti unyevu hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Shotigani ya marehemu mzee wangu ilikaa Mpwapwa zaidi ya miaka 20 kwenye sanduku la mninga lenye kufuli, na siku zote mzee alikuwa anaifuta kwa kitambaa na mafuta kidogo basi, haikuwahi kushika kutu. Baada ya taratibu za polisi za kubadilisha umiliki kukamilika nikaileta Dodoma mjini, nikanunua sefu jipya la chuma zito, lina kapeti ndani, nikalifunga kwenye nyumba mpya huku Iyumbu mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa pili nafungua naona alama nne nyekundu kwenye mtutu, ukiziangalia vizuri ni vidole vyangu mwenyewe, vimejichora pale nilipoishika siku ile naiweka. Iliniuma sana maana ile bunduki ndiyo kitu pekee cha mzee nilichobaki nacho kinachofanya kazi.

Tangu hapo nimelifuatilia hili jambo mpaka nikalielewa, na nilichogundua ni kwamba ukame wa Dodoma hauisaidii bunduki iliyofungiwa. Mvua zetu kwa mwaka wa kawaida hazifiki hata milimita 600, watu wanaona vumbi tu wanasema huku kutu hakuna, kutu ni ya Tanga na Dar. Lakini sefu lina hali ya hewa yake. Sanduku la mbao la mzee lilikuwa linapumua, mbao inanyonya unyevu na kuuachia taratibu, hewa inapita kwenye upenyo. Sefu la chuma likifungwa limefungwa, unyevu ulioingia unabaki mle mle, na unyevu wenyewe tunauingiza sisi kwa mikono yetu, kwa makapeti, kwa mikoba ya ngozi na kwa kuweka sefu mahali pabaya.

Kabla sijaanza hatua zenyewe, kila mahali nitakaposema toa bunduki maana yake ni hii: risasi zimetolewa, chemba (pale risasi inapokaa) imefunguliwa ukaangalia kwa macho na ukapitisha kidole, mdomo wa mtutu umeelekea pasipo na mtu, watoto hawapo chumbani na mlango umefungwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakutaka wewe mwenye leseni uitunze silaha mahali salama, kwa hiyo hata siku ya usafi usiiache kitandani ukatoka kwenda kupokea simu.

Elewa kwanza maji yanatoka wapi

Hapa naomba mnivumilie nitaenda taratibu kwa sababu ukielewa hili mengine yote yanakuwa mepesi. Hewa ya moto inabeba maji mengi, ya baridi inabeba machache. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 inaweza kubeba kama gramu 23 za maji, ikipoa mpaka nyuzi 18 mwisho wake ni kama gramu 15 tu. Sasa chukua jioni ya Januari mvua imetoka kunyesha, nyuzi 25, unyevu wa hewa asilimia 80, yaani ndani ya ile mita moja kuna gramu 18 na kitu. Umefungua sefu ukaweka bunduki ukafunga. Usiku chuma kinapoa kinafika nyuzi 18, ile hewa haiwezi tena kubeba gramu zote, zinazozidi kama gramu 3 kwa kila mita zinageuka umande. Sefu la urefu wa sentimita 150, upana 60 na kina 50 lina ujazo wa karibu nusu mita, kwa hiyo unapata gramu moja na nusu hivi ya maji, ni kama matone 30, na hayo matone yanashika kwenye chuma kilichopoa, mtutu ukiwemo. Ni kama chupa ya soda ikitoka kwenye friji inavyotoka jasho.

Na si lazima ufike kwenye umande. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 kwa siku nyingi chuma kinaanza kuliwa na kutu taratibu hata kama huoni tone, hasa pale palipo na jasho la mkono, kwa sababu jasho lina chumvi na chumvi inavuta maji. Ndiyo maana kutu yangu ilikuja na umbo la vidole. Upande wa pili ukishuka chini ya asilimia 30 kwa muda mrefu kitako cha mbao kinasinyaa na kupasuka. Kwa hiyo lengo letu ni asilimia 40 mpaka 50, ikipanda kidogo mpaka 55 siku za mvua usihangaike.

Jambo lingine watu wanakosea, wanasema fungua sefu saa nane mchana jua likiwaka maana hewa ni kavu. Kipima kitakuonyesha 45 kweli lakini ni kwa sababu ya joto tu, ile ile hewa ya nyuzi 28 yenye asilimia 45 ukiifungia mle ikapoa usiku mpaka 18 itasoma karibu 80. Saa ya kufungua haina uzito kihivyo. Chenye uzito ni kutofungua mvua ikiwa imenyesha sasa hivi, au nyumba imetoka kudekiwa, au jikoni kuna sufuria la maharage linachemka na mvuke umejaa nyumba nzima.

Hatua ya 1: tafuta kipima unyevu na ukihakikishe

Bila kipima unabahatisha. Hapa Dodoma usisumbuke kutafuta maduka ya silaha, nenda kwenye maduka ya vifaa vya kuku, wale wanaouza mashine za kutotolesha vifaranga wanavyo vipima vidogo vya kidijitali vinavyosoma joto na unyevu kwa pamoja, maana mayai nayo yanataka unyevu wake. Kinatumia betri ndogo ya duara. Chukua chenye waya mrefu wa sensa kama wanacho, sensa inaingia ndani ya sefu na kioo kinabaki nje, unasoma bila kufungua mlango.

Ila vipima vya bei ndogo vinadanganya, kimoja nilichonunua kilikuwa kinasoma pungufu kwa 9. Kuna njia ya kukikagua kwa chumvi ya jikoni. Chukua kizibo cha soda, jaza chumvi, dondoshea maji matone machache mpaka iwe kama tope zito, isielee maji. Weka kizibo na kipima ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, kopo la Blue Band lile kubwa linatosha, visigusane, funga uache mpaka kesho yake saa kama hiyo, sehemu yenye joto lisilobadilika sana. Hewa juu ya tope la chumvi inatulia kwenye asilimia 75. Kama kipima chako kinasoma 70 basi kila siku ongeza 5, kama kinasoma 79 punguza 4. Andika hiyo tofauti kwenye karatasi ubandike kwenye mlango. Na hili zoezi lifanyie mbali na sefu, chumvi isisogee kabisa karibu na bunduki.

Hatua ya 2: mahali sefu linapokaa

Dodoma hii tunajenga kila kona, Iyumbu, Nala, Ihumwa, Nkuhungu, na wengi tunahamia nyumba ikiwa bado mbichi. Sakafu ya zege na plasta mpya zinatoa maji kwa miezi mingi, zege la sentimita 10 linaweza kutaka miezi minne au zaidi kukauka hata kama juu unaona peupe. Mimi sefu langu lilikaa moja kwa moja juu ya sakafu ya miezi miwili, limebandikwa kwenye ukuta wa nje ambao upande wa pili ni bafu, nilikosea mambo matatu kwa mpigo.

Ipime sakafu hivi. Kata naironi nzito isiyo na tundu ya sentimita 50 kwa 50, iweke sakafuni, zungushia seloteipu pana pande zote nne ibane kabisa, iache siku nzima na usiku wake. Ukiifunua ukakuta matone chini ya naironi au sakafu imekuwa nyeusi pale, bado inatoa maji. Usiweke sefu hapo au kama huna namna basi linyanyue.

Kulinyanyua ni rahisi. Nenda kwa wale mafundi wanaotengeneza makatambuga, wakukatie vipande vinane mpaka kumi na viwili vya tairi la lori vya kiganja kizima, panga viwili au vitatu kwa kila kona mpaka sefu lipande sentimita 3 mpaka 5, halafu boliti za kulikaza sakafuni zipite katikati ya hivyo vipande. Usiache kulikaza eti kwa sababu limenyanyuka, sefu lisilokazwa linabebwa na wezi. Nyuma acha nafasi ya upana wa kiganja kutoka ukutani, au angalau vidole vitatu, na chagua ukuta wa ndani wa nyumba, ule ambao haupigwi na mvua wala hauna bomba.

Hatua ya 3: kausha sefu lenyewe kabla ya kuweka chochote

Masefu mengi ya kuzuia moto yana bodi za jipsamu au zege jepesi katikati ya kuta zake. Jipsamu ina maji yaliyofungwa ndani yake, karibu asilimia 20 ya uzito, ndiyo hayo yanayotoka moto ukiwaka na kupooza vitu vya ndani. Ni kitu kizuri siku ya moto, lakini sefu la namna hiyo likiwa jipya au likiwa limekaa stoo yenye unyevu linakuwaga na jasho la kudumu. Kapeti na sponji nazo zinashika maji na gundi yake inatoa harufu kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo sefu likifika, likiwa tupu, bunduki bado haijaingia, acha mlango wazi kabisa siku 7 mpaka 14 chumba kikiwa na hewa, kama ni Agosti hadi Oktoba hewa ya Dodoma yenyewe itakumalizia kazi. Elekeza feni mle ndani kama unayo. Kama sefu tayari unalitumia basi fanya vipande vipande, Jumamosi mchana uko mwenyewe chumbani unasafisha silaha, sefu liko wazi, jioni unafunga.

Kagua matundu pia. Zima taa usiku, mtu awashe tochi kwa nyuma, wewe angalia kwa ndani wapi mwanga unapita. Tundu la boliti usilotumia lizibe. Hapa naomba muwe makini: ile silikoni ya tyubu inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na ule mvuke wa siki unakula chuma vibaya. Ukiitumia acha mlango wazi mpaka harufu iishe kabisa, siku kadhaa, au tafuta aina isiyonuka. Mlango nao weka kipande cha karatasi, funga, jaribu kukivuta, kikitoka kirahisi mpira wa mlango umelegea na jeli yako ya kunyonya unyevu (nitaieleza hatua ya 5) itakuwa inakausha Dodoma nzima.

Hatua ya 4: toa vitu visivyotakiwa mle

Hii haina gharama na ndiyo inayosaidia kuliko zote. Mkoba wa bunduki, uwe wa ngozi au wa turubai lenye sponji, hauingii kwenye sefu na bunduki ikiwa ndani yake. Ngozi inatengenezwa kwa dawa zenye asidi na chumvi, na sponji ikishalowa jasho la shambani haikauki. Mkoba wa kubebea, sefu la kutunzia, visichanganywe. Usiviringishe bunduki kwa blanketi wala gazeti. Makaratasi, hati za kiwanja, vyeti, pesa, vyote vinanyonya maji wakati wa mvua na kuyaachia baadaye, kama lazima vikae mle viweke kwenye kopo linalobana. Betri kuukuu toa. Jiki au dawa yoyote ya klorini isikae hata chumba hicho, mvuke wake unaleta kutu haraka kuliko maji.

Risasi zikae kwenye sehemu yake yenye kufuli peke yake, kavu, kwenye boksi lake, shaba ikianza kuota ukijani ujue unyevu umeshafika huko.

Hatua ya 5: silika jeli, na kiasi chake

Silika jeli ni zile punje zilizo kwenye vifuko vidogo ndani ya boksi la viatu vipya vimeandikwa usile. Watu wanakusanya vile vifuko kumi wanatupia kwenye sefu wanaona wamemaliza. Kifuko kimoja kina gramu 1 mpaka 5, na mpaka kiatu kimefika dukani kimeshashiba, hakinywi tena kitu.

Unachotaka ni jeli ya kilo. Kwa sefu la nusu mita ya ujazo nunua kilo moja. Hesabu yake ni kwamba kwenye unyevu wa asilimia 40 na kitu gramu 500 za jeli kavu zinakunywa kama gramu 100 za maji. Nimesema hewa ya sefu zima ina gramu chache tu, kwa hiyo kilo moja inaonekana nyingi mno, lakini kumbuka kapeti, mbao za kitako, jipsamu, na hewa mpya kila ukifungua, vyote hivyo vinaendelea kutoa maji. Inapatikana kwa wauza kemikali za maabara, na mafundi umeme wa transfoma wanaijua sana maana transfoma zinapumua kupitia jeli hiyo hiyo, waulize wananunua wapi.

Iko ya rangi tatu. Nyeupe haibadiliki rangi. Ya chungwa inageuka kijani kizito ikishiba. Ya bluu inageuka pinki, hii ina kobalti ambayo ni sumu, sitaki uilete jikoni kwako, chukua ya chungwa au nyeupe.

Shona vifuko viwili vya kitambaa cha pamba, khanga kuukuu inafaa, gramu 500 kila kimoja, kimoja juu kimoja chini. Jeli isigusane na bunduki. Sasa, kitu kilichonisaidia kuliko rangi ni mizani ya jikoni. Pima kifuko kikiwa kikavu, andika uzito kwa wino kwenye kitambaa. Kifuko cha gramu 500 kikifika 575 anza kujiandaa, kikifika 600 kimeshiba, kikaushe. Huhitaji kubahatisha.

Kukausha ni kwa nyuzi 110 mpaka 120, masaa 2 hadi 3. Mwenye oveni aweke kwenye treya aisambaze, tabaka lisizidi sentimita 2. Asiye na oveni atumie jiko la mkaa kama tunavyooka keki: sufuria pana kuukuu ambayo haitapikiwa tena, mchanga mkavu sentimita 2 chini, juu yake sinia la bati lenye jeli iliyotolewa kwenye kitambaa, moto mdogo, mfuniko uache upenyo mvuke utoke. Fanyia nje. Koroga kila nusu saa kwa kijiko cha chuma. Toa upime, rudisha, uzito ukiacha kushuka imekauka. Punje za rangi zikianza kuwa kahawia umeziunguza, rangi imekufa ila kunywa maji bado zinakunywa, tumia mizani. Ikitoka motoni imwage kwenye kopo la bati kavu ufunge hapo hapo ipoe mle, ukiiacha sinia wazi inaanza kunywa hewa ya nje na kazi yako imepotea. Jua la Dodoma la mwezi wa tisa juu ya bati jeusi linapunguza maji kiasi lakini halikaushi kama moto, na wakati wa mvua halina msaada.

Kuna mbadala ambazo watu wanashauriana na mimi nasema hapana. Mchele hauna nguvu yoyote hapa. Mkaa unanyonya kidogo tu na unajaza vumbi jeusi kwenye mitambo ya bunduki. Chokaa mbichi inanyonya kweli lakini vumbi lake linaunguza ngozi na macho. Chumvi usithubutu. Na yale makopo ya kuzuia unyevu kabatini yanayouzwa supamaketi ambayo chini yanajaa maji, yale ni kalsiamu kloraidi, yale maji ni brini, yaani maji ya chumvi kali, likipinduka kopo moja ndani ya sefu hiyo bunduki umeipoteza.

Fimbo ya joto ya umeme je? Ipo, ni bomba jembamba linalowekwa chini ya sefu, la wati 12 mpaka 36 hivi. Haiondoi maji, inachofanya ni kuhakikisha vitu vya ndani havipoi kuliko hewa ili umande usishike. Ya wati 12 ikiwaka muda wote inakula karibu uniti 9 za LUKU kwa mwezi. Kwa Tanga ningesema nunua. Kwa Dodoma ambako mvua ni Desemba mpaka Aprili tu naona jeli ya kilo moja inatosha, na umeme ukikatika usiku wa baridi fimbo inalala wakati ndipo unaihitaji. Kama utaiweka bado acha kifuko kimoja cha jeli juu. Ila ile tabia ya kuning'iniza balbu ya kawaida ndani ya sefu, hapana, ni moto huo.

Hatua ya 6: bunduki yenyewe

Sefu kavu halimsaidii mtu aliyeweka bunduki chafu. Osha mikono kwa sabuni ukaushe, au vaa glavu. Futa kwanza vumbi kwa kitambaa kikavu au brashi laini, usianze na mafuta, maana vumbi la Dodoma likichanganyika na mafuta linakuwa dawa ya kusagia chuma. Pitisha vitambaa vikavu kwenye mtutu mpaka kitoke cheupe, halafu kimoja chenye mafuta, halafu kimoja kikavu cha kupunguza. Kwa nje paka mafuta ya bunduki utando mwembamba, ukiyaona yanatiririka umeweka mengi. Ukishafuta mara ya mwisho usishike tena chuma kwa kidole, shika mbao.

Kuhusu mafuta gani. Huku kwetu na kwa jirani zetu Singida alizeti ipo kila nyumba na wazee wengi wanafutia bunduki mafuta ya alizeti. Tafadhali acheni. Mafuta ya kula yakikaa kwenye hewa yanaganda yanakuwa gundi, triga inakuwa nzito, vumbi linanata, na chini ya ile gundi kutu inaendelea. Oili chafu ya pikipiki ina asidi na chembe za chuma, isiguse bunduki. WD-40 ni nzuri kusukuma maji siku umenyeshewa, lakini utando wake ni mwembamba haudumu, ukishaitumia futa kisha paka mafuta yenyewe ya bunduki. Ukikosa kabisa, mafuta ya cherehani kila wiki yanakuvusha. Na kabla ya kwenda kuitumia pitisha kitambaa kikavu mtutuni, mtutu wenye mafuta mengi haufyatuliwi.

Bunduki ikae kwenye sefu isiegemee kapeti, iegemee mpira au mbao ngumu iliyopakwa vanishi ikakauka. Mimi baada ya kupaka mafuta huilaza siku ya kwanza mdomo ukiwa chini kwenye kitambaa, mafuta yaliyozidi yasiteremke kwenye kitako, kwa sababu mbao ikishiba mafuta inalainika pale inapokutana na chuma.

Wenye magobore ya leseni huko Kondoa na Manyoni, nyie mna kazi ya ziada. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta maji kutoka hewani na kula mtutu ndani ya siku moja au mbili, mafuta peke yake hayayatoi. Siku hiyo hiyo osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kausha mpaka uwe na hakika, paka mafuta, kesho yake angalia tena.

Ukirudi shamba usiku bunduki imelowa au imetoka kwenye gari lenye kiyoyozi, usiifungie hapo hapo. Kaa nayo chumbani, ifute, iache ifikie joto la chumba, wewe ukiwepo, ndipo uifungie.

Kutu ikishaanza

Ikiwa ni madoa ya juu tu kama yale yangu, paka mafuta ya bunduki ya kutosha, acha usiku mzima, kesho sugua kwa pamba ya chuma laini kabisa ile ya namba 0000 ikiwa imelowa mafuta, kwa mkono mwepesi, futa, angalia, rudia. Waya wa kusugulia sufuria na msasa vinaondoa ile rangi ya bluu nyeusi ya mtutu ambayo nayo ni kinga. Ndimu na siki vinaiondoa haraka zaidi. Vidole vyangu vitatu vilitoka, cha nne kimeacha kivuli mpaka leo. Kutu ikiwa imechimba mashimo, au iko ndani ya chemba, usiisugue wala usiifyatue, mpelekee fundi silaha mwenye kibali.

Ratiba ya mwaka ninayoifuata

Novemba, kabla ya mvua, napima vifuko vyote viwili na kukausha kinachohitaji, nabadilisha betri ya kipima na kurudia kipimo cha chumvi. Desemba mpaka Aprili nasoma kipima kila Jumapili, ikizidi 55 siku mbili mfululizo napima vifuko, na kila mwezi naifuta bunduki hata kama haijatoka. Kwa kawaida nakausha jeli mara mbili au tatu msimu mzima. Mei nafungua, nasafisha kila kitu, natoa kifuko kimoja nakifungia kwenye kopo lake.

Juni mpaka Oktoba mambo yanageuka. Kile kifuko kilichobaki angalia kisishushe unyevu chini ya 35, kikishusha kitoe, maana vitako vya mninga na vya mkangazi ndipo vinapopasukia, hasa pale kwenye skrubu. Pakeni kitako mafuta ya mbao kidogo, yale ya mbegu za kitani (linseed), kwa kitambaa, mfute yaliyozidi, na vile vitambaa msivikunje mkavitupa kwenye ndoo, vinaweza kushika moto vyenyewe, vitandazeni nje vikauke kwanza. Na upepo wa Julai ukianza, funika mlango wa sefu kwa juu na kipande cha shuka, vumbi linapita kwenye mpira wa mlango kila ukifungua.

Mwezi wa kumi na moja unapotoa kile kifuko cha pili kwenye kopo, kipime kabla hujakirudisha. Changu mwaka huu kilitoka na gramu 508, kopo lilikuwa linabana sawasawa, nikakiweka bila kukikausha.